Fremu ya Chumba cha Rangi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya chuma lilikuwa kusaga weldi mpaka isionekane. Nililifanya kwa miezi mingi, nikasifiwa kwa ajili yake, na nilipokuja kujua kwamba ni kosa lilikuwa limekwisha kuvunja mguu wa mtu aliyenifundisha kupaka rangi.

Sikusomea ufundi popote. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Kibondo, nikakaa mwaka mzima nikimsaidia mama kulima maharage na, kila nilipopata bando, nikitazama video za wachomeleaji kwenye simu. Lugha yao sikuielewa, kwa hiyo nilizima sauti. Bando lilikuwa dogo, kwa hiyo niliruka mwanzo. Nilikwenda moja kwa moja mwisho, pale fundi anapopitisha grenda juu ya weldi, cheche zinaruka, halafu anafuta kwa kitambaa na vipande viwili vya chuma vimekuwa kimoja, laini, kana kwamba vilizaliwa hivyo. Kipande hicho nilikirudia hata mara ishirini. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuushika. Nikiandika namba ya simu naihesabu tarakimu mara tatu. Kuona mahali palipounganishwa pakitoweka kabisa kulinifanya nipumue.

Karakana iliyonichukua iko Kasulu mjini. Kwenye kibao cha nje imeandikwa kampuni, na kweli tulifanya kazi za kampuni: mageti, madirisha, kenchi za mabati, stendi za matangi ya maji, na kupaka rangi chochote cha chuma ambacho mtu angeleta. Ndani yake, ukiondoa kibao, kulikuwa na paa la bati lisilo na kuta pande mbili, mashine mbili za kuchomelea, moja ikiwa na nyaya zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, mashine ya kukatia, jiliwa la kubania vyuma lililovunjika taya upande mmoja, jenereta ya siku ambazo umeme umekatika, na kompresa iliyonunuliwa kwa mtu wa kuziba pancha. Nyuma kulikuwa na chumba cha rangi. Kuta zake zilikuwa maturubai yaliyofungwa kwenye nguzo, na sakafu yake udongo. Kabla ya kupuliza rangi tulimwagia udongo ule maji, vumbi jekundu litulie. Likikauka kabla rangi haijakauka, geti jeupe lilitoka na chunusi.

Mwenye karakana alikuwa mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa swala tano, ambaye babu yake alitoka pwani. Hakuwa fundi. Chuma alikijua kwa bei na kwa macho. Fundi mkuu alikuwa Muha wa hapohapo Kasulu, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Na mpaka rangi alikuwa mzee mmoja aliyevuka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia kambini, akapata uraia akiwa mtu mzima mwenye watoto. Fundi mkuu alizoea kumtania.

"Mrundi! Leo unapaka au unasali?"

"Kitambulisho changu cha taifa ni kipya kuliko chako," mzee alijibu bila kugeuka. "Chako kimefutika hata sura. Nani atajua wewe ni Mtanzania?"

Walicheka wote wawili. Nami nilicheka. Baadaye nilikuja kufikiri sana juu ya utani ule, jinsi unavyokaa kimya siku za kawaida na jinsi unavyopata kazi ya kufanya siku ya ubaya.

Ni lazima nieleze jambo moja kuhusu wateja wetu, kwa sababu kosa langu lilikua juu yake. Mteja wa Kasulu akija kuchukua geti hatazami kwanza bawaba wala kufuli. Anaweka kiganja kwenye pembe, mahali vipande vinapokutana, na kukiteleza taratibu kama anayepapasa ng'ombe mnadani. Kiganja kikikwama kwenye uvimbe wa weldi, anakunja uso, na bei inaanza kushuka. Kikipita bila kukwama, anatikisa kichwa na kusema, "Hapa kuna fundi." Kwa hiyo karakana zote za mjini zinasaga. Fundi mkuu alisaga kidogo, kutoa makali tu, kisha akaacha puti ya kuzibia na rangi vimalizie. Mimi nilisaga mpaka usawa wa chuma. Nilipiga grenda, nikapiga msasa mkavu, nikapiga msasa wa maji, nikafumba macho na kupitisha ukucha. Ukucha ukikwama nilianza upya.

"Wewe dogo," fundi mkuu aliniambia, "unachomelea au unapiga pasi?"

"Napiga pasi, kaka."

"Basi uniletee na suruali yangu."

Lakini mwenye karakana aliona wateja wanavyotikisa vichwa. Ndani ya miezi michache kazi zote za mbele ya macho zilikuwa zangu. Mafundi wengine walipewa kenchi, ambazo zinakaa juu ya dari na hakuna anayezipapasa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kujiona mtu wa maana kiasi kile.

Mzee wa rangi ndiye aliyekuwa karibu nami zaidi. Alijifunga kiroba cha sukari kichwani na kitambaa mdomoni, kisha akaniambia nisimame nyuma yake nitazame mkono. "Usisimamishe mkono, mwanangu. Mkono ukisimama rangi inalia." Alipima tina ya kuzimulia rangi kwa pua. Alinusa ndoo, akaongeza kidogo, akanusa tena, akakubali kwa Kirundi, "Ego, sasa inatembea." Aliniita mwalimu wa msasa. Kilichomsumbua ni kugeuza. Tulikuwa tunalaza geti juu ya matairi mabovu, anapaka upande wa juu, tunasubiri, tunaligeuza watu wanne, anapaka upande wa pili, na kila mara upande wa kwanza ulitoka na alama za matairi. Alama hizo zilininyima raha kuliko zilivyomnyima yeye. Nilikuwa naziota.

Nikamwomba mwenye karakana ruhusa ya kutengeneza fremu ya kuning'inizia, ili geti lisimame hewani na mzee alizunguke pande zote mara moja.

"Chuma kizima sikupi," alisema. "Vipo vipande pale nyuma. Ukiweza kwa vipande, tengeneza."

Niliweza. Nguzo mbili zenye miguu mipana, na juu yake boriti ya bomba la mraba. Kipande kirefu cha kutosha boriti nzima hakikuwepo, kwa hiyo niliunganisha viwili, kichwa kwa kichwa, katikati kabisa. Nilichomelea pande zote nne. Kisha nikashika grenda.

Nilitumia siku mbili kwenye ungio lile peke yake. Hakuna mteja ambaye angelipapasa, kwani ilikuwa fremu ya ndani, ya kazi zetu wenyewe. Nilifanya hivyo kwa ajili yangu. Mzee alipokuja kuipaka rangi ya kijivu nilimsimamisha.

"Mzee, tafuta mahali nilipounganisha."

Alipitisha kiganja kutoka nguzo hadi nguzo. Alirudi. Alivua kiroba, akainama, akatazama kwa jicho moja kama anayepima mstari.

"Yoo," alisema. "Umenunua bomba jipya?"

"Vipande viwili."

"Muongo."

"Wallahi, viwili."

Alicheka mpaka akakohoa. Alimwita fundi mkuu aje atafute, naye akashindwa, akatukana kwa Kiha na kuondoka. Mzee akavaa kiroba chake na kupaka mikono mitatu ya rangi. Nilisimama pale nikitazama kijivu kikifunika kitu ambacho tayari kilikuwa hakionekani, na nilikuwa na furaha ambayo sasa naona haya kuikumbuka.

Fremu ile ilifanya kazi vizuri kwa miezi. Madirisha, mageti madogo ya watu, vitanda vya shule. Mwenye karakana aliwaleta wateja nyuma kuwaonyesha. Mzee alisema mgongo wake umepona.

Kisha ikaja kazi ya Kibondo: geti la ghala la mazao, lenye majani mawili ya kufunguka kama milango, mapana, yenye bati nene pande zote mbili. Kila jani tulilibeba watu sita. Ilikuwa kipindi cha mvua, na mvua ya huku juu ikianza mchana hakuna rangi inayokauka tena mpaka kesho yake. Asubuhi ilikuwa ya jua. Mwenye ghala alikuwa anapiga simu kila baada ya saa moja.

Tulining'iniza jani la kwanza. Mzee alitazama juu kwenye boriti, kisha akanitazama mimi. Fundi mkuu na wengine walikuwa wamekwisha kurudi kuchukua jani la pili. Tulikuwa wawili tu ndani ya maturubai.

"Nitundike moja moja, mwalimu?"

"Mzee, hiyo inabeba hata manne."

Nakumbuka sauti niliyoitumia. Nilijibu kama mtu aliyeulizwa jambo la kumdharau.

"Ego," alisema. "Basi leteni."

Nilitoka kwenda kuwasha kompresa. Alipaka sehemu za juu za majani yote mawili, akashuka katikati, kisha akapiga magoti kupaka ukingo wa chini, mahali ambapo kutu huanzia. Nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika mpira wa hewa usikokote udongo. Nilisikia mlio mdogo. Hata haukuwa mlio wa chuma. Ulikuwa kama wa mtu aliyevunja muwa gotini. Boriti ilikatika katikati na majani yote mawili yakashuka kwa pamoja.

Moja lilianguka mbali naye. Jingine lilikaa juu ya mguu wake wa kushoto, kuanzia gotini kwenda chini.

Nilipiga kelele, watu wakaja, tukalinyanyua. Uso wake ulikuwa umejaa rangi ya kijani isipokuwa macho. Bunduki ya rangi ilikuwa bado inapuliza udongoni, na udongo ulikuwa unageuka kijani. Hakulia. Alisema, "Zimeni kompresa, rangi inaisha." Alisema mara mbili. Kisha akatazama mguu wake, akasema, "Imana," akimwita Mungu kwa Kirundi, akafumba macho.

Walimpeleka hospitali kwa gari la duka. Mimi niliachwa kusafisha. Hapo ndipo nilipoinama kutazama mahali pa kukatikia.

Nitaeleza nilichokiona kwa lugha rahisi. Ukiunganisha mabomba mawili kichwa kwa kichwa, unatakiwa kwanza ukate kingo zake kimshazari na kuacha nafasi katikati, ili weldi ishuke ndani ya mfereji huo na kushikana na chuma chote. Mimi niliyagusanisha tu na kuchomelea juu. Weldi ilikaa juu ya ungio kama utando juu ya maziwa ya moto. Kisha nikausaga utando wenyewe kwa siku mbili. Mahali palipokatika paling'aa mstari mwembamba kama ncha ya wembe. Kwingine kote zilionekana kingo za mabomba kama zilivyotoka kwenye mashine ya kukatia, tambarare, hazijaguswa na moto. Boriti ile ilikuwa imeshikwa na wembe ule na mikono mitatu ya rangi.

Mwanzo wa zile video, nilioruka kuokoa bando, ulikuwa unaonyesha kukata ule mfereji. Nilikuja kuutazama baadaye. Unachukua dakika moja na nusu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo naliungama hasa, maana kosa la weldi ni la mtu asiyejua, na mtu asiyejua anaweza kusamehewa. Mwenye karakana alirudi kutoka hospitali alasiri, kanzu yake ina rangi ya kijani kwenye mikono. Alisimama mbele ya fremu iliyovunjika.

"Ilikuwaje?" aliniuliza.

Nilikuwa na grenda mkononi. Nilikuwa nimekwisha kuanza kusaga mahali pale pa kukatikia, nikijiambia kwamba ninatayarisha kutengeneza.

"Alitundika yote mawili," nilisema.

Kila neno hapo lilikuwa kweli.

"Yote mawili? Kwa nini asitundike moja moja?"

Niliinamia grenda. Fundi mkuu, aliyesimama nyuma yake, alijibu badala yangu. "Haraka ya mvua, bosi. Na Mrundi naye ni mbishi, unamjua."

Hakuna aliyecheka. Mwenye karakana alisema, "Basi amejiumiza mwenyewe," akaenda zake. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimechomelea boriti upya, na ungio la zamani halikuwepo tena kwa mtu yeyote kuliona.

Kuanzia kesho yake maneno yale yakawa ndiyo habari yenyewe. Mpaka rangi alizidisha mzigo. Mwenye ghala aliambiwa hivyo kwenye simu. Wateja waliouliza waliambiwa hivyo. Akaletwa mpaka rangi mwingine, na mwenye karakana akasema wazi kwamba yule mzee hatarudi hata akipona, kwa sababu mtu asiyejua kipimo cha mzigo ataua watu. Hospitali alimlipia ya wiki ya kwanza, kwa huruma, kisha akaiachia familia. Nililiona jina la mtu likiharibika mbele yangu kama mbao iliyoachwa mvuani, na neno moja kutoka kwangu lingeliokoa. Sikulisema. Nilijiambia nitasema Jumatatu. Ikaja Jumatatu.

Nilikwenda kumtazama hospitali siku ya tano. Nilipeleka mkate na maziwa ya mgando. Mguu ulikuwa umefungwa na kuinuliwa, na rangi ya kijani bado ilikuwa kwenye kope zake na ndani ya masikio.

"Mwalimu," alisema. "Karibu. Keti hapa, usiogope, mguu hauumi mtu."

Niliketi. Akasema, "Nilikosea, mwanangu. Ningetundika moja. Nimepaka miaka yote hii, na nimekosea kitu cha mtoto." Akatazama dari. "Nalala hapa najaribu kukumbuka kama niliuliza mtu. Naona kama niliuliza. Lakini hizi sindano zinanichanganya. Wewe ulikuwepo. Niliuliza?"

Nilimwambia, "Pumzika, mzee."

Hilo ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa jibu.

Siku ya kumi na tisa tulikwenda Kibondo kufunga lile geti la ghala. Lilikuwa limepakwa upya, limekauka vizuri, halina chunusi hata moja. Mwenye ghala alikuja, akaweka kiganja kwenye pembe, akakiteleza. Hakikukwama. Alitikisa kichwa. "Hapa kuna fundi," alisema, na fundi mkuu akaninyooshea kidole. Mwenye ghala akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Niliuchomoa, nikaenda kukusanya vifaa. Nyumbani kwa mama palikuwa umbali wa kutembea, na sikwenda kumsalimia. Nilipanda gari la kurudi, nikashuka njiani, nikachukua bodaboda kwenda Kitanga, ambako mzee alikuwa amepelekwa nyumbani siku mbili kabla.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti nje ya mlango, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Mke wake alikuwa anamenya mihogo karibu naye. Alinikaribisha kwa furaha, akataka kuniletea kiti. Nikamwambia nitasimama. Nilisema yote nikiwa nimesimama, nikitazama maganda ya mihogo. Nilieleza ungio, nikaeleza grenda. Nilisema kwamba aliniuliza, na kwamba nilimjibu inabeba hata manne. Nilisema pia kile nilichokisaga alasiri ile.

Mzee alitazama mguu wake. Mke wake aliweka kisu chini.

"Siku zote hizi," alisema, "mume wangu hasali. Unajua kwa nini? Anasema Mungu amemwonyesha kwamba ni mjinga. Anaamka anahesabu kwa vidole: moja, mawili, moja, mawili. Mimi nimemwambia, ulikosea, basi, yameisha. Mimi mwenyewe nimemwambia hivyo! Wewe umenifanya nimwambie hivyo." Akasimama. "Na ulikuja hospitali. Tulikula mkate wako."

"Mama, nisamehe."

"Usiniite mama."

Mzee aliinua mkono kidogo, naye akanyamaza.

"Kwa hiyo niliuliza," alisema.

"Uliuliza, mzee."

"Niliuliza." Alilirudia neno hilo kwa Kirundi, taratibu, akimtazama mkewe. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza hakuniita mwalimu wala mwanangu. "Kijana, hapa hapana mtu aliyenisema vibaya. Walionisema wako mjini. Nenda ukaseme kulekule."

Nilimwomba niongee zaidi. Alisema amechoka, na mke wake akamsaidia kuingia ndani. Mlango ulifungwa. Nilitembea hadi barabarani kwa sababu niliona haya kuita bodaboda.

Asubuhi iliyofuata nilisema. Nilisubiri mafundi wote wafike, mwenye karakana afike, mpaka rangi mpya afike, nikasema mbele yao kama nilivyosema Kitanga. Nilisahau baadhi ya maneno nikarudia. Fundi mkuu aliacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Nilitegemea mwenye karakana atapiga kelele. Alikaa juu ya rundo la mabomba, akavua kofia yake na kuishika magotini.

"Nilikuuliza ilikuwaje," alisema. "Nikaenda msikitini nikitoka hapa. Nimemsingizia mtu kwa siku ishirini, na kila siku umeninawisha mikono tukala sahani moja."

Aliizungusha kofia magotini.

"Na stendi za matangi?" aliuliza ghafla. "Nani alizitengeneza?"

"Ni mimi," nilisema. Sikuwa nimezifikiria. Siku zote hizo nilikuwa nimejifikiria mimi na mzee tu. Nilikuwa nimetengeneza stendi sita, zote zimesagwa, zote zimepakwa, zote zina maji juu yake na watu chini yake.

Tulizunguka wiki mbili, mimi na fundi mkuu, na jenereta nyuma ya pikipiki ya matairi matatu. Nilikwangua rangi yangu mwenyewe kila mahali. Stendi nne zilikuwa na maungio ya aina ile. Huko Gwarama, kwenye nyumba ya mwalimu mmoja wa shule, chini ya rangi ya bluu nilikuta ufa ambao ungeweza kuingiza kipande cha karatasi. Watoto wawili walikuwa wanakinga maji pale nilipokuwa nakwangua. Fundi mkuu aliwafukuza kwa Kiha, kisha akakaa chini kwenye majani na kushika kichwa.

"Mimi nilisema ni mbishi," alisema. "Mrundi ni mbishi. Nilisema, au sikusema?"

"Ulisema."

"Na si wewe uliyenituma niseme." Akatema mate. "Washa mashine, dogo. Tufunge hiki kitu."

Tulichomelea viraka vya chuma bapa juu ya kila ungio, vinene, vibaya kutazama. Mwalimu mwenye nyumba alitoka, akapitisha kiganja, kikakwama. Alilalamika. Tulimwambia ndivyo vinavyotakiwa kuwa.

Mwenye karakana alikwenda Kitanga mwenyewe. Sijui walisema nini. Alilipa gharama zilizobaki za hospitali na akampigia simu mwenye ghala nikisikia, akamwambia kwamba mpaka rangi hakukosea kitu. Mzee aliombwa arudi kazini. Hakurudi. Alituma ujumbe kwa mtu wa bodaboda kwamba mguu haukunji, na mpaka rangi asiyeweza kupiga magoti hawezi kupaka ukingo wa chini. Ujumbe wake haukunitaja.

Sikufukuzwa. Nilifikiri kufukuzwa kungekuwa rahisi zaidi, na nadhani mwenye karakana alilijua hilo.

Tangu wakati ule kumebadilika mambo haya. Karakana yetu haipaki rangi kwenye maungio ya vifaa vyake yenyewe. Fremu, winchi na stendi zote zimepakwa kote isipokuwa mahali pa weldi, ambapo tunapaka oili chafu tu, ili yeyote anayefanya kazi chini yake aone kilichoshika. Mpaka rangi ana haki ya kukataa kazi kabla hajaipaka, na ameshanikatalia mara kadhaa. Weldi inayobeba uzito siisagi. Mzee anatembea kwa fimbo na mke wake ndiye anayelima. Nimekwenda Kitanga mara tatu. Mara mbili sikufunguliwa, na mara ya tatu alinisalimia akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza kama stendi ya Gwarama, ambayo alikuwa amesikia habari zake, imefungwa vizuri. Nikamwambia imefungwa. Akasema, "Haya," akaingia ndani.